Fundi Mikidadi na Maiti Arobaini na Moja

Mtu akikwambia saa yake imekufa, huendi kununua sanda. Unamwuliza kama ameitia ufunguo. Gari la mizigo likifa kwenye kilima cha Marangu, utingo hushuka akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, dereva akafungua boneti, na baada ya matusi mawili matatu gari hufufuka, safari ikaendelea. Ndivyo tunavyosema, na hakuna mtoto wa Moshi asiyejua. Lakini mwaka wa hamsini na saba, kwa neno hilohilo, watu wazima waliovaa tai walitaka kulizika jina la fundi Mikidadi bin Abasi, mwenyewe akiwa hai na amefunga Ramadhani.

Mikidadi alikuwa mtu wa Majengo. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyefika na mizigo ya watu kichwani, akachoka, akaoa Mpare, akabaki. Yeye mwenyewe alijua Kichaga cha sokoni, cha kununulia ndizi na kuulizia njia. Wakati wa vita alichukuliwa jeshi akapelekwa Burma, na huko sajini mmoja akagundua kwamba kijana huyu mwembamba ana sikio. Ukimwashia simu ya upepo iliyoharibika, aliisikiliza kidogo huku amefumba macho, kisha akaweka kidole pale penye ugonjwa. Alirudi nyumbani na koti la jeshi, cheti kimoja, na sikio lake. Koti liliisha. Sikio ndilo lililomlisha yeye na mkewe Mwamvita.

Kazi aliipata kwenye Kampuni ya Mawenzi Wayales, karibu na stesheni. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza redio za betri. Maseremala walichonga masanduku ya mninga, vyombo vya ndani vilikuja kwa meli kutoka Uingereza, na Mikidadi na wenzake wakaviunga kwa risasi ya moto hadi sanduku likaongea. Miaka hiyo kahawa ilikuwa na bei. Mtu wa Mwika au Masama akishauza kahawa yake aliezeka bati kwanza, kisha akashuka mjini kutafuta redio. Watu kumi na wanne walikula kwa kazi hiyo, na fundi mkuu, Mikidadi, alipata shilingi mia na themanini kwa mwezi.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na sita wakubwa wa dunia wakapigana huko Suezi, mfereji ukafungwa. Meli zikawa zinazunguka Afrika nzima kwa kusini kama mtu aliyefungiwa mlango wa mbele. Vali hazikuja. Vali ni zile taa ndogo za kioo ndani ya redio, ndizo roho yake, na redio bila vali ni kabati la kuwekea sukari. Meneja, Bwana Halloway, akawakusanya wafanyakazi mwezi wa kwanza akasema maneno mengi, na karani Gidioni akayageuza kwa Kiswahili kwa ufupi, "Biashara ina mashaka."

Huyu Gidioni alikuwa kijana wa Masama, msomi wa misheni, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya. Bwana Halloway alikuwa amekaa Moshi miaka tisa, na Kiswahili chake chote kilikuwa lete, ondoa na upesi. Kwa hiyo kila kilichoingia kwenye masikio ya Bwana kilipita kwanza kwenye mdomo wa Gidioni, na kijana mwenyewe alilijua hilo, tena lilimnenepesha.

Basi pale karakana palikuwa na rafu ya redio zilizorudishwa na wateja na nyingine zilizoharibika zikiwa hazijauzwa, hamsini na tano kwa jumla. Mafundi waliita rafu ile makaburini. Vali mpya zilipokosekana, Mikidadi akasema hawezi kukaa kupiga miayo kwa mshahara wa watu. Akaanza kushusha maiti mmojammoja. Vali ya huyu akampa yule, waya wa yule akamfungia huyu, koili za waya akazisuka upya kwa mkono, spika iliyotoboka akaiziba kwa karatasi laini na gundi. Kila redio aliiandika kwenye daftari lake kwa namba iliyogongwa nyuma ya sanduku. Akiipokea aliandika *imekufa*. Siku ikiongea aliandika pembeni *imepona*, na tarehe. Mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, katika hamsini na tano, arobaini na moja zilikuwa zimepona. Kumi na nne zilizobaki zilikuwa mifupa mitupu, zilishatoa roho zao kwa wenzao.

Zote arobaini na moja ziliuzwa, kila moja shilingi mia mbili na sitini, na fedha akipokea Bwana Halloway mwenyewe. Mikidadi alijua, maana yeye ndiye aliyepanda mlimani na wanunuzi kuwafungia waya wa eriali, wa kunasia sauti hewani. Alikwea miti ya kivuli kwenye vihamba vya watu, katikati ya migomba na kahawa, akawafundisha akina mama kuzungusha kifundo cha kutafutia sauti polepole, akapewa mtori wa ndizi na wengine wakamkaribisha pombe ya mbege, akawaambia mtori unatosha. Kule Mwika alimfungia mjane mmoja, Mama Salvina, redio namba mia mbili ishirini na saba. Mama huyo aliposikia sauti ya Dar es Salaam ikisalimu nyumbani kwake, alijibu salamu, kisha akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini.

Jumatatu ya pili ya mwezi wa nne, Ramadhani imeshaanza, wafanyakazi wakaitwa kusikiliza taarifa ya robo mwaka. Gidioni alichelewa siku hiyo. Aliingia anatoka jasho, mkono mmoja una grisi, akamwomba Bwana radhi kwa Kiingereza na wenzake kwa Kiswahili, "Samahanini, baiskeli yangu imekufa hapo Karanga." Kisha akashika karatasi akasoma. Kampuni imepata hasara ya shilingi elfu nane kwa miezi mitatu. Sababu ni mashaka ya biashara, na pia redio arobaini na moja zilizokufa moja kwa moja na kufutwa kwenye mali ya kampuni. Kwa kuwa robo mwaka imeleta hasara, kila mfanyakazi atakatwa robo ya mshahara kuanzia mwezi huu.

Watu waliguna. Mikidadi hakuguna. Alihesabu kwa kichwa, mia mbili na sitini mara arobaini na moja, akapata elfu kumi na mia sita sitini. Akafikiri amekosea, akahesabu tena. Fedha hiyo ilikuwa wapi? Kama ingeingia kwenye vitabu, pale penye hasara pangekuwa na faida ya elfu mbili na ushei. Damu ikamchemka, akakumbuka kwamba amefunga, akameza hasira ikapita kooni kavukavu.

Watu walipotawanyika alimfuata Gidioni ofisini.

"Gidioni, hizo arobaini na moja zilizokufa umezitoa wapi?"

"Kwenye daftari lako, Bwana Mikidadi. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, *imekufa*."

"Na pembeni nimeandika nini?"

Gidioni akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. "Bwana aliniuliza neno lile la kwanza maana yake nini, nikamwambia. La pili hakuniuliza."

"Kijana, baiskeli yako imekufa leo asubuhi. Umeizika wapi?"

Masikio ya karani yalikuwa yanafanya kazi ya mashavu, yamewiva. Alivuta karatasi nyingine akaisukuma mezani. Ilikuwa imepigwa taipu, ya kupelekwa makao makuu Nairobi. Ilisema kwamba redio zile zilikufa mikononi mwa fundi mkuu, kwa upungufu wa vali na kwa uchache wa ujuzi wake, na pale chini palikuwa na mstari wa fundi mkuu kutia sahihi. Jumamosi angekuja mkaguzi kutoka Nairobi kuichukua.

"Ukitia sahihi, kazi unabaki nayo," Gidioni alisema kwa sauti ya chini. "Ndivyo Bwana alivyosema. Usipotia, ndiyo basi."

"Uchache wa ujuzi wangu," alisema Mikidadi, polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichooza ajue kimeoza kiasi gani. "Mimi niliyewafufua. Gidioni, nimefunga. Niondokee machoni kabla sijafungua kwa dhambi."

Haya, tazama ubaya wa jambo lenyewe. Mshahara mtu anaweza kukatwa akaishi, tumekatwa sana. Lakini fundi hana shamba. Fundi ana jina tu. Mtu wa mlimani hutoa shilingi mia mbili na sitini za jasho lake kwa sababu ameambiwa "kaitengeneza Mikidadi". Sasa Mikidadi huyohuyo atie sahihi kwamba ameua redio arobaini na moja, halafu karatasi ikae kwenye kabati la Nairobi mpaka kiyama, imngoje kila atakapoomba kazi. Na aliyekula elfu kumi akae kwenye kiti cha mbao kizuri akinywa chai. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee. Wazee hawakusema umpishe mpaka akupite juu ya mgongo.

Jioni, baada ya futari, alimweleza Mwamvita yote. Mwamvita alikuwa akiuza vitumbua na kanga pale soko la Mbuyuni, mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyopepesa mtu akidanganya. Alisikiliza huku akikusanya vyombo.

"Wanasema wamekufa?"

"Arobaini na moja."

"Maiti ziko wapi?"

Mikidadi akamtazama.

"Mimi sijasoma," Mwamvita alisema, "lakini sijaona matanga yanawekwa hakuna maiti. Hata mtu akifa ugenini, watu huuliza amezikwa wapi. Hao wako wamezikwa wapi? Kwa akina Mama Salvina. Kesho nikienda sokoni wanawake wa Mwika wapo, nitawapa salamu. Maiti waje wenyewe."

Jumamosi mkaguzi alifika, mzee wa Kizungu mwenye mkoba, amekerwa na vumbi na amekerwa na treni. Alikaa mezani na Bwana Halloway, Gidioni akasimama katikati yao, na Mikidadi akaitwa kutoka karakana. Karatasi ikawekwa mbele yake na kalamu juu yake. Hakupewa kiti.

Hakuishika. Alimwambia Gidioni, "Waambie nitatia sahihi. Kwanza wanionyeshe maiti. Kwetu mtu hashuhudii kifo hajaona maiti."

Gidioni akageuza. Bwana Halloway akacheka, akasema kitu kifupi. Gidioni akageuza tena, "Bwana anasema zilivunjwa zikatupwa."

"Zimetupwa wapi? Tukachimbe. Mimi ninalo jembe nyumbani."

Bwana Halloway hakucheka mara ya pili. Alisema, "Upesi!" Kiswahili chake mwenyewe hicho, akigonga mstari wa sahihi kwa kidole. Basi Mikidadi akashika kalamu. Lakini badala ya kwenda chini kwenye mstari, akaanza juu, penye orodha ya namba. Mbele ya namba ya kwanza akaandika *imepona, Primus, Mwika*. Mbele ya pili, *imepona, Ebenezeri, Masama*. Ya tatu, *imepona, Theopista, Mwika*. Hakutazama daftari. Kila redio aliikumbuka kwa ugonjwa wake na kwa mti aliokwea. Mkaguzi aliinama akatazama wino ukishuka mstari kwa mstari, akauliza swali, na Mikidadi, ambaye miaka minne ya jeshi hakukaa bure, alilielewa kabla halijageuzwa. Mzee alikuwa anauliza neno lile linalorudiwa maana yake nini.

Bwana Halloway alimtazama Gidioni. Gidioni alitazama sakafu, kisha akajibu kwamba ni namna yao wenyeji ya kuthibitisha.

Mikidadi akaweka kalamu chini.

Kwa muda wote aliofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumwuliza kama anajua Kiingereza, naye hakuona sababu ya kukipoteza kwa watu wasiouliza. Siku hiyo alikitoa. Kilikuwa Kiingereza cha kambini, kikavu, hakina adabu za mezani, lakini kilinyooka. Alisema neno lile maana yake mgonjwa amepona. Alisema redio hizi zote ziko hai. Alisema ziliuzwa, na fedha alipokea Bwana huyu hapa, mkononi mwake.

Bwana Halloway akasimama mwekundu, akaanza kupiga kelele, na ndipo kelele nyingine zikasikika barazani. Mama Salvina alikuwa ameingia, sanduku kichwani limefungwa kwa kanga, na nyuma yake watu sita wengine wa Mwika na masanduku yao. Walikuwa wameshuka na basi la asubuhi.

"Shikamoo baba mzungu," Mama Salvina alimsalimu mkaguzi, maana mvi ni mvi. Kisha akatua sanduku mezani juu ya karatasi zao. "Fundi, nimeambiwa redio yangu mnaifanyia matanga huku. Mae! Asubuhi hii imenisomea taarifa ya habari nikiwakamulia watoto maziwa. Ni nani amewaambia imekufa?"

Mikidadi akaichomekea waya wa eriali wa ofisini, na mama akazungusha kifundo polepole, kama alivyofundishwa. Ilikoroma kidogo, kisha mtu wa Dar es Salaam akaanza kutangaza hali ya mvua. Mkaguzi aliligeuza sanduku akasoma namba nyuma, mia mbili ishirini na saba, akashuka na kidole kwenye orodha mpaka akaikuta. Akamwomba Gidioni amwulize mama huyu fedha alimpa nani. Mama Salvina hakungoja kugeuziwa. Alinyoosha mkono mzima, wala si kidole, akauelekeza kwa Bwana Halloway.

Ungedhani hadithi imeishia hapo kwa shangwe. Ngoja.

Bwana Halloway aliondoka Moshi mwezi uleule. Hakwenda jela. Angekuwa Khamisi, kuli wa stoo yetu, ndiye aliyeiba elfu kumi, angekuwa anavunja mawe mpaka leo. Yeye alihamishwa Nakuru, kwenye tawi jingine la kampuni, kwa sababu za afya, ndivyo ilivyoandikwa. Taarifa ya robo mwaka ikaandikwa upya, hasara ikafutwa, faida ikaonekana. Wafanyakazi walisimama wakaisikiliza, na wengine wakaanza kutabasamu. Gidioni akaendelea kusoma. Hata hivyo, kwa kuwa biashara bado ina mashaka, na kwa kuwa robo ijayo haijulikani italeta nini, robo ya mshahara itaendelea kukatwa.

"Rudia," alisema Mikidadi.

Gidioni akarudia.

"Kulipokuwa na hasara mlitukata kwa sababu ya hasara. Sasa kuna faida. Mnatukata kwa sababu ya nini?"

"Mashaka," alisema Gidioni.

"Mashaka ya nani? Mwamvita akienda dukani na mashaka atapewa mchele? Meli zao zizunguke kote, hasara sisi. Zipite mfereji, faida wao. Hii si biashara yenye mashaka, Gidioni. Hii ina uhakika kuliko jua." Alizima jiko la kupashia chuma cha kulehemu, akakipoza chuma chake ndani ya maji, kikalia *chaa*, akakifunga kwenye kitambaa. Chuma kilikuwa mali yake, alikuja nacho. Akatoka nacho.

Barazani kwake Majengo aliweka meza na ubao. Mwamvita alitaka paandikwe jina tu, naye akaongeza mstari wa pili: ZILIZOKUFA ZINAPONA. Mwezi wa kwanza tangu afungue walikula vitumbua vilivyobaki sokoni, wala tusidanganyane kwamba haki hushibisha. Mwezi wa pili watu wa mlimani wakaanza kuulizia baraza la Mikidadi. Mwezi wa nne alikuwa na rafu, na kazi ilimzidi mikono.

Mwezi huo wa nne, siku ya Ijumaa kabla ya sala, Gidioni alikuja. Kampuni ilikuwa imempunguza, mashaka nayo yamemfikia. Suruali haikuwa na pasi. Alikumbatia redio ya baba yake kutoka Masama, na juu ya sanduku alikuwa amefunga jani la isale, lile ambalo Mchaga humletea mtu aliyemkosea, na mwenye kuletewa hawezi kulirudisha. Mikidadi hakuwa Mchaga, lakini amezaliwa Moshi. Alilijua.

"Shikamoo, fundi," alisema Gidioni. Siku zote za kampuni hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba. Ina nini?"

"Imekufa."

Mikidadi alilifungua lile jani taratibu, akaliweka kwenye mfuko wa shati, akalivuta sanduku mbele yake. Hakuligusa kwa chuma. Alimtazama kijana machoni.

"Imekufa kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza?"

Machozi yalimlenga Gidioni.

"Kwa Kiswahili, fundi."

"Basi niachie. Itapona."